Siku moja Passau: kwa nini hatukupanda basi la kwenda Salzburg

Mleta mada (Mwanza)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo naomba mwenye haraka auhifadhi ausome jioni. Binti yetu ni muuguzi huko Ujerumani, na mwaka tuliotimiza miaka 40 ya ndoa, yeye na mumewe walitukatia mimi na mama yao safari ya siku saba kwa meli ya kitalii ya mtoni, kutoka Nürnberg hadi Budapest. Mimi nilifundisha jiografia sekondari kwa miaka 31, na mto Danube niliuchora ubaoni mwaka baada ya mwaka bila kuwahi kuutia machoni. Safari nzima sitaisimulia. Nataka kueleza siku moja tu, ile tuliyoshuka Passau, mji wa Ujerumani ulioko mpakani na Austria, kwa sababu siku hiyo tulichagua jambo ambalo abiria wenzetu wengi hawakulielewa, na mimi nashikilia hadi leo kwamba ndilo lililoifanya safari iwe na maana.

Nianze na meli, maana wengi wakisikia meli ya kitalii wanawaza yale majumba ya baharini yanayobeba maelfu ya watu. Meli za Danube ni ndefu na nyembamba. Urefu wake hufika mita 135, lakini upana ni mita 11 na ushei tu, kwa kuwa ni lazima zipenye katika malango ya maji (vyumba vinavyojazwa au kupunguzwa maji ili kuipandisha au kuishusha meli) ya mfereji unaounganisha mto Main na Danube, ambayo upana wake ni mita 12. Mfereji huo una kilomita 171 na ulikamilika mwaka 1992. Chumba cha nahodha hushushwa meli inapopita chini ya daraja la chini, na abiria walio sitaha ya juu huambiwa waketi. Ndugu zangu wa Kigoma watapenda kusikia kwamba karakana ya Meyer ya Papenburg, iliyounda meli yetu ya Liemba mwaka 1913 kabla haijafunguliwa vipande na kusafirishwa hadi Ziwa Tanganyika, ndiyo iliyokuja kuimiliki karakana ya Neptun ya Rostock, ambako meli nyingi za mitoni huundwa.

Utaratibu ni kwamba jioni mnaelezwa mpango wa kesho, na kila mmoja anachagua matembezi yake. Kwa Passau tulipewa njia tatu: kutembea mjini na mwongoza watalii, kupanda basi kwenda Salzburg nchini Austria, au kupanda basi kwenda Český Krumlov katika Jamhuri ya Czech. Salzburg ni mwendo wa karibu saa mbili kwenda na nyingine mbili kurudi. Meza yetu yote ilijiandikisha Salzburg. Siku mbili za mwanzo sisi nasi tulikuwa tumefuata kila kilichopangwa, tukiwa na kifaa cha kusikilizia sikioni na macho yetu yakikifuata kibao cha namba alichokishika mwongozaji. Huko Regensburg tulivuka daraja la mawe la karne ya 12, moja ya madaraja makongwe kabisa juu ya Danube, nami nilipoketi usiku kuandika kumbukumbu nikagundua kwamba ninachokikumbuka vizuri ni namba ya kundi letu. Hapo ndipo tulipokubaliana na mke wangu kwamba kesho hatupandi basi lolote, na tena tukimaliza matembezi ya asubuhi tutamuaga mwongozaji na kubaki wenyewe.

Niliamka saa 11 alfajiri ili nisipitwe na lango la maji la Kachlet, kilomita chache juu ya mji, lililojengwa miaka ya 1920. Meli iliingia ndani ya kuta mbili za zege, lango la nyuma likafungwa, kisha ukuta wenye unyevu ukaanza kupanda polepole mbele ya dirisha letu, na kwa dakika kadhaa nilisahau kwamba tunaoshuka ni sisi. Baada ya hapo tulifika gatini. Meli yetu ilifungwa ubavuni mwa nyingine, kwa hiyo tulipita katika ukumbi wa wenzetu kabla ya kukanyaga nchi kavu. Kila anayeshuka hupitisha kadi yake penye mashine ili wajue nani yuko nje. Pasi tulichukua mkononi, na nawashauri mfanye hivyo hivyo, kwa sababu Passau iko mpakani na polisi hukagua watu mara kwa mara.

Mji wenyewe umekaa juu ya ulimi wa ardhi. Kaskazini unapita Danube, kusini unapita Inn, na mwisho wa ulimi mito hiyo inakutana, huku mto wa tatu, Ilz, ukiingia kutoka upande wa pili wa Danube, mkabala na mji. Warumi walikuwa na ngome hapa iliyoitwa Batavis, kwa sababu ya askari Wabatavi waliowekwa humo, na jina Passau limetokana na hilo. Mwaka 739 mji ukawa makao ya askofu, na jimbo lake likakua hadi likafika Vienna na kuivuka, kiasi kwamba kanisa kuu la Vienna nalo lina jina la Mtakatifu Stefano kama hili la Passau. Mwaka 1662 moto uliteketeza karibu mji wote. Maaskofu wakawaita mafundi wa Kiitalia, na ndiyo sababu kuta za rangi ya krimu, waridi na njano zilizojipanga ukingoni zinaonekana kama za nchi yenye jua zaidi kuliko Bavaria, jimbo la Ujerumani ulimo mji huu.

Mwongozaji wetu, mama mmoja aliyezaliwa papo hapo, alitueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mwaka 1611, askari walipokuwa wamekusanyika Passau, inasimuliwa kwamba mnyongaji wa mji aliwauzia vikaratasi vyenye alama na maneno, vya kuvaa mwilini au kumeza, ili upanga na risasi visiwadhuru. Habari zikasambaa, na katika Vita vya Miaka 30 vilivyoanza mwaka 1618 askari wa Kijerumani waliiita kinga hiyo "sanaa ya Passau". Nilisimama pale nikamkumbuka Kinjikitile wa Ngarambe na maji yake, na vita vya 1905 hadi 1907. Wakoloni waliandika kuhusu Maji Maji kana kwamba kuamini kinga ya risasi ni udhaifu wa akili za watu weusi, nasi tuliofundishwa kwa vitabu vyao tuliwahi kuona haya juu yake. Kumbe babu zao, katika mji mzuri kama huu, walimeza karatasi kwa hofu ile ile ya kifo na tumaini lile lile la kurudi nyumbani. Natamani ningelijua hili nikiwa bado darasani.

Saa 5 tulimshukuru mwongozaji tukaondoka kundini. Katika majira ya kiangazi, siku za kazi na Jumamosi, saa 6 mchana hupigwa kinanda katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, kwa muda wa nusu saa hivi. Tiketi unakata hapo hapo, na ukichelewa mlango unafungwa. Kinanda hicho kina mabomba 17,974, na ni mojawapo ya vinanda vikubwa kabisa duniani. Kwa kweli ni vinanda vitano vilivyowekwa sehemu mbalimbali za kanisa, na mpigaji mmoja anaviendesha vyote kutoka mahali pamoja. Kimoja kimefichwa juu ya dari, na sauti yake hushuka kupitia tundu katikati ya michoro. Mke wangu ameimba kwaya tangu msichana. Sauti ile ya darini ilipoanza, nyembamba, mbali, kama mtu anayeimba nyumba ya jirani, alinishika mkono bila kuniangalia, na hakuuachia mpaka mwisho. Kanisa lenyewe, lililojengwa upya baada ya moto chini ya msanifu majengo Carlo Lurago, limejaa nakshi nyeupe za chokaa kiasi cha kumchosha mtu macho, na mimi nakiri ningependa ukuta mtupu hapa na pale. Lakini kwa sauti ya kinanda nakshi zile zinapata kazi.

Baada ya chakula tulikwenda ncha ya mji, mahali wanapopaita Pembe ya Mito Mitatu. Wakuu, hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Tuliketi kwenye benchi kwa saa moja na nusu. Makundi sita ya watalii yalikuja, yakapiga picha, yakaondoka, na lililokaa muda mrefu zaidi halikumaliza dakika kumi.

Mto Inn unakuja na rangi ya kijani yenye maziwa. Unaanzia Uswisi, unasafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka milimani, na rangi ile ni unga wa mawe yaliyosagwa na barafu ya Alps. Danube inakuja na rangi ya udongo iliyochanganyika na kijani kilichofifia. Ilz, mdogo wao, ni mweusi kama chai ya rangi, kwa sababu maji yake yanatoka katika vinamasi vya msitu wa Bavaria. Mito hii inapokutana haichanganyiki papo hapo. Unaona mstari juu ya maji, unaona Inn ukiisukuma Danube pembeni, na mbele kidogo unaona kijani kimeifunika ile rangi nyingine. Mke wangu alisema ni kama chai iliyomiminiwa maziwa kabla haijakorogwa, na mimi sijasoma maelezo bora zaidi. Sababu mojawapo ni kina: hapo Danube ni yenye kina kirefu na Inn ni yenye kina kifupi, hivyo maji ya Inn hupanda juu ya maji ya Danube badala ya kuingia ndani yake.

Jambo lililonifunga pale bencini ni hili. Kwa wastani wa mwaka, Inn huleta maji mengi kidogo kuliko Danube yenyewe. Basi kwa nini kuanzia hapo mto uitwe Danube na usiitwe Inn? Hoja ya upande wa Danube ni kwamba hadi kufika Passau ndiyo iliyosafiri mbali zaidi, na maji yake ni ya kutegemewa mwaka mzima, wakati Inn hujaa theluji inapoyeyuka kiangazi na hupungua sana wakati wa baridi. Sisi kwetu Kilombero na Luwegu zinapokutana, zote mbili zinaacha majina yao na kunazaliwa Rufiji. Hapa mmoja amepoteza jina na mwingine amebaki nalo mpaka Bahari Nyeusi.

Kutoka hapo tulirudi kwa miguu hadi ukumbi wa mji, ambako ukutani mwa mnara wameandika alama za mafuriko, kila moja na mwaka wake. Ya juu kabisa ni ya 1501. Inayofuata ni ya Juni 2013, maji yalipofika mita 12.89, na mtu akisimama chini yake inambidi ainue shingo. Niliweka kiganja juu ya jiwe usawa wa kifua changu nikapima kwa macho umbali uliobaki kwenda juu, nikafikiria mwenye duka la pembeni, ambaye mlango wake uko wazi na ameweka maua nje.

Saa 11 na nusu jioni tulikuwa melini. Naomba kuwasilisha, na maswali nitayajibu kadiri niwezavyo.

Mchangiaji (Mombasa)

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma neno kwa neno, na nakushukuru. Hata hivyo niruhusu nitofautiane nawe kwa adabu. Mimi na mwenzangu tulipita njia hiyo hiyo na tukapanda basi la Salzburg, wala hatujutii. Tuliona ngome ya Hohensalzburg iliyoanzishwa mwaka 1077, tukaingia nyumba namba 9 ya mtaa wa Getreidegasse alimozaliwa mtunzi wa muziki Mozart mwaka 1756, tukatembea bustani ya Mirabell. Mtu anayefika Ulaya mara moja katika maisha yake, baada ya kuhangaikia viza kwa miezi, ana haki ya kutaka kuona mahali ambapo ulimwengu wote unapafahamu. Passau ni mji mzuri, lakini nikirudi nyumbani nikasema nimekaa bencini nikitazama mito, nani atanielewa?

Mleta mada

Marhaba, mwanangu. Hoja yako ya viza naiheshimu, kwa sababu nami niliketi katika viti vile vya kusubiri nikiwa na bahasha ya nyaraka mapajani. Sisemi Salzburg haifai. Nasema saa nne za mchana mmoja zikienda barabarani, zinazobaki huwa chache mno kwa mji mkubwa kama ule, na anayerudi huwa ameona milango mingi bila kuingia. Kama mtu anataka Salzburg, afadhali alale huko siku mbili kabla ya meli au baada yake, kwa treni.

Tena kuna uhusiano ambao ningependa aliyekwenda Salzburg aufahamu. Utajiri wa Salzburg ulitokana na chumvi, na neno lenyewe Salz maana yake ni chumvi. Chumvi ya Hallein, karibu na Salzburg, ilipakiwa katika mashua, ikashuka kwa mto Salzach hadi Inn, na kwa Inn ikafika Passau. Hapo ilishushwa, ikapakizwa juu ya wanyama wa mizigo, ikapandishwa msituni hadi Bohemia, sehemu ya Czech ya leo, ambako chumvi haikuwepo. Njia hiyo iliitwa Njia ya Dhahabu. Ukingoni mwa Inn bado umesimama mnara mweupe wa duara, Schaiblingsturm, uliokuwa ukiilinda bandari ya chumvi. Ulichokiona wewe Salzburg na nilichokiona mimi Passau ni ncha mbili za kamba moja, na kamba yenyewe ni mto.

Mchangiaji (München)

Mwalimu, shikamoo. Nimefurahi kukuta mtu wa nyumbani akiiandikia Passau, maana nilisoma chuo kikuu hapo, na nilikuwepo Juni 2013. Chuo kimejengwa kando ya Inn. Mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo juu ya ardhi iliyokwisha kushiba maji, na mito yote ikapanda kwa pamoja, jambo ambalo ndilo la hatari zaidi kwa mji ule. Masomo yalisimamishwa. Wanafunzi walijipanga kupitia mitandao ya kijamii, wakagawana mitaa, na maelfu wakaingia mjini na makoleo maji yalipoanza kushuka.

Ninachotaka kuongeza ni kuhusu tope. Watu wengi hudhani mafuriko yakipungua kazi imekwisha. Tope la Inn ni laini kama unga, kwa sababu ni unga ule ule wa mawe alioueleza Mwalimu, na likikauka ndani ya nyumba linakuwa gumu mno. Kwa hiyo tulishindana na jua. Tulipanga mstari kutoka vyumba vya chini hadi barabarani, ndoo ikapita mkono kwa mkono, na mzee mmoja aliyekuwa amepoteza samani zake zote alikuwa akituletea kahawa kila saa. Mimi nilikuwa na miezi minane tu nchini humo na kabla ya hapo hakuna jirani aliyekuwa akijua jina langu. Ile rangi ya kijani inayopendeza kwenye picha, kila ninapoiona, mikono yangu inakumbuka uzito wake.

Mleta mada

Mwanangu, ahsante sana. Nilipoiona ile alama ya 2013 ukutani nilijua ni namba, sasa najua kuna watu chini yake. Tulipokuwa bencini nilimweleza mke wangu habari za unga wa mawe kama somo la darasani, wala haikunipitia akilini kwamba kuna mtu aliuzoa kwa ndoo.

Mchangiaji (Muscat)

Assalam alaykum, Mwalimu. Sisi ni familia yenye asili ya Unguja, tunaishi Oman, na tumeshaweka nafasi ya safari kama hiyo mwezi wa sita. Nina maswali mawili. La kwanza ni chakula, hasa tukiwa nje ya meli. La pili, mama yangu ana umri wa miaka 74 na magoti yanamsumbua, na nimesikia mji umejaa ngazi. Je, atafaidi chochote au abaki melini?

Mleta mada

Waalaykum salaam, binti yangu. Kwa chakula, melini mwambieni mkuu wa ukumbi wa chakula mapema, tena kwa maandishi kabla ya safari, kwa kuwa mapishi ya Bavaria yanategemea sana nyama ya nguruwe, hata katika mchuzi na viazi. Mjini kuna samaki wa maji baridi wa kuoka na kukaanga, na kama ilivyo miji mingi ya Ujerumani, vibanda vya Waturuki vipo. Kwa nyama, ulizeni kwanza kama ni halali, msiamini kibao peke yake.

Kuhusu mama, asibaki melini hata kidogo. Kutoka gatini hadi ncha ya mito mitatu njia ni tambarare, iko kando ya maji, na ina viti. Katikati ya mji mzee kuna mwinuko wa kwenda kanisa kuu, na barabara ni za mawe, basi avae viatu vyenye soli nene na apande polepole. Ngome ya Oberhaus, iliyoanzishwa na askofu mwaka 1219 kwenye kilima ng'ambo ya Danube, ina mandhari bora kuliko yote, kwa sababu kutoka juu unaiona mito mitatu na rangi zake kwa mara moja. Msimpitishe kwenye ngazi. Katika msimu wa watalii kuna basi dogo kutoka uwanja wa ukumbi wa mji hadi juu.

Penye ngazi nyingi kweli ni kanisa la hija la Mariahilf, ng'ambo ya Inn, lenye ngazi 321 zilizofunikwa paa, ambazo mahujaji huzipanda wakisali kila hatua. Sisi hatukuzimaliza. Ni hapo kaisari Leopold I alipokuwa akisali mwaka 1683, baada ya kukimbilia Passau wakati jeshi la Waturuki lilipouzingira mji wa Vienna. Nakutajia kwa sababu mwongozaji anaweza kusimulia habari hiyo kwa namna inayowahusu Waislamu, na ni afadhali mama aijue kabla.

Mchangiaji (Nairobi)

Mwalimu, heshima yako. Ninaomba ufafanuzi kuhusu viza, kwa kuwa wakala mmoja hapa aliniambia kila nchi ya Danube inahitaji viza yake. Pia ungependekeza mwezi gani?

Mleta mada

Ndugu yangu, ukisafiri kutoka Ujerumani kupita Austria na Slovakia hadi Hungary, nchi zote nne ziko ndani ya eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja ya Schengen inatosha. Hali inabadilika meli ikiendelea hadi Serbia, ambayo haimo. Ukiingia Belgrade umetoka Schengen, na ukitaka kurudi ndani unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Soma ratiba ya bandari zote kabla ya kujaza fomu.

Kuhusu mwezi, sikilizeni mto kuliko kalenda ya likizo. Maji yakizidi, meli haipiti chini ya madaraja. Yakipungua mno mwishoni mwa kiangazi, meli inagusa chini. Katika hali zote mbili abiria huweza kuhamishiwa kwenye mabasi. Juni ndiyo yenye Inn ya kijani iliyojaa, lakini 2013 nayo ilikuwa Juni. Sisi tulikwenda mwanzoni mwa Septemba na maji yalikuwa ya kutosha.

Mchangiaji (Mombasa)

Mwalimu, nimerudi. Nimeisoma habari ya chumvi mara mbili, na nimemsomea mwenzangu. Mwakani tunampeleka mama mkwe kwa njia hiyo hiyo, naye anataka sana kumwona Mozart, kwa hiyo tutalala Salzburg kwanza kama ulivyoshauri, kisha tuipande meli hapo Passau. Nina swali moja dogo: meli ikiondoka jioni, nimkalishe upande gani?

Mleta mada

Mkalishe upande wa kulia, sitaha ya juu, na mfike mapema kwa sababu wengi huwa chini wakijiandaa kwa chakula. Meli ikishaelekea inakokwenda mto, mji mzee wote utampita kuliani, nyumba baada ya nyumba, hadi ile ncha yenye benchi. Mto Inn utafunguka ghafla nyuma ya ncha, na meli itavuka ule mstari wa rangi. Baada ya hapo anaweza kuhamia kushoto aitazame Ilz ikibaki nyuma chini ya ngome.

Aangalie pia vibao vya kilomita ukingoni. Passau iko karibu na kilomita 2,226, na namba zinapungua kadiri mnavyoshuka, kwa kuwa Danube huhesabiwa kutoka mdomoni kwenda juu. Muda si mrefu ukingo wa kulia utakuwa Austria na wa kushoto bado Ujerumani, mpaka mfike lango la Jochenstein. Sisi tulilifikia giza limeshaingia, mke wangu amejifunga khanga mbili kwa baridi, na hakukubali kushuka chini mpaka ukuta ulipomaliza kupanda.